Miongozo ya kielektroniki ya makavazi isitafsiriwe tu, itungwe kwa Kiswahili

Miezi michache iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uhandisi alibisha mlango wa ofisi yangu akiwa amebeba kikasha cha kadibodi. Ndani mlikuwa na vibandiko vya duara, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Alikibandika kimoja kwenye jalada la kamusi iliyokuwa mezani, akakigusisha simu yake, na papo hapo sauti ikaanza kutueleza, kwa Kiingereza, habari za kamusi hiyo.

"Mwalimu, huu ni mwongozo wa makavazi," akasema. "Mitambo iko tayari. Kimebaki Kiswahili tu. Nitafsirie hizi kadi 40, tukazijaribu kabla sijawasilisha mradi wangu."

Neno 'tu' lilinikereketa, lakini nikanyamaza. Nilizichukua kadi zake, maelezo mafupi ya Kiingereza kuhusu vyombo vya Pwani, nikazitafsiri kwa usiku mmoja na kumrudishia. Niliona nimefanya kazi safi. Makala haya ni ya kueleza kwa nini kazi ile haikuwa safi, na kwa nini kosa langu linaweza kurudiwa kila mahali ambako teknolojia hii itatiwa, tusipokuwa macho.

Tuanze na istilahi, maana huku ndiko tunakogombana kwanza. Kile kibandiko kina utepe mwembamba wa metali uliozungushwa kama nyoka aliyejikunja, na katikati kuna kijisilikoni kilichohifadhi namba au maneno machache. Hakina betri. Simu au kisomaji kinapokaribia, mawimbi yake ya redio ndiyo yanayokipa nguvu ya kujibu. Wako wanaokiita 'kitambulisho', ila kwa Mkenya kitambulisho ni kile anachoulizwa na askari usiku. Wengine husema 'tagi', na sina ugomvi nao. Mimi nitasema 'lebo ya redio', kwa sababu lebo tunaijua tangu dukani, na redio inaeleza njia inayotumika. Nasema 'makavazi' pia kwa desturi ya Kenya, nikijua kwamba wenzetu wa Tanzania husema 'makumbusho'. Neno hilo la wenzetu nitalirudia, kwani lina jambo la kutufunza.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka wa 1948 Harry Stockman alichapisha makala kuhusu kuwasiliana kwa mawimbi yanayoakisiwa, na hata sisi tumewahi kugusisha kadi za nauli kwenye matatu, ijapokuwa mpango ule haukudumu. Lebo ambazo simu husoma hutumia mawimbi ya megahezi 13.56, na husomeka kwa umbali wa sentimita chache tu. Huo ufupi ni faida makavazini: chombo hakikusemeshi mpaka umekisogelea. Lakini tumbo la lebo ni dogo. Aina moja inayotumika sana hubeba baiti 144 pekee, nafasi isiyotosha hata aya hii. Basi lebo huwa ni ufunguo. Maneno, sauti na picha hukaa kwingine, ama kwenye simu yenyewe, ama kwenye kompyuta ya makavazi, ama kwenye intaneti. Hoja yangu yote imejengwa juu ya jambo hili dogo. Mhandisi huleta ufunguo. Nyumba inayofunguliwa na ufunguo huo imejengwa kwa maneno.

Je, waliotangulia waliijengaje? Mwaka wa 1952, Makavazi ya Stedelijk mjini Amsterdam yaliwapa wageni vipokezi vya redio vya kubeba. Mhadhara uliorekodiwa ulirushwa ndani ya kumbi, na kundi zima likasikia maneno yale yale kwa wakati ule ule. Ukitaka kukawia mbele ya picha moja, shauri yako, sauti imeshakwenda. Hata hivyo, mgeni angeweza kusikiliza kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kiingereza au Kijerumani. Suala la lugha, kumbe, limekuwepo tangu siku ya kwanza.

Nusu karne baadaye, Exploratorium, makavazi ya sayansi mjini San Francisco, Marekani, yalishirikiana na watafiti wa kampuni ya HP kuwapa wageni kompyuta ndogo za mkononi zilizowaeleza kila kifaa. Pale vifaa ni vya kushikwa, kuzungushwa na kuchezewa. Mgeni aliyeshika kompyuta alikosa mkono wa kushikia kilichomleta, na baadhi walilalamika kwamba walijihisi wametengwa na wenzao. Watafiti hao walichapisha makala mwaka wa 2002 ambayo kichwa chake, kwa tafsiri yangu, ni 'Kutoka Kuarifu hadi Kukumbusha'. Walikuwa wamegundua kwamba kumjaza mgeni habari akiwa pale pale hakumfai sana kuliko kumsaidia kukumbuka baadaye alichokiona na kukifanya.

Kutokana na fikra hiyo ulizaliwa mfumo ulioitwa eXspot, ambao Sherry Hsi na Holly Fait waliueleza mwaka wa 2005. Mgeni alibeba kadi yenye lebo ya redio, akaigusisha kwenye kisomaji kilichowekwa karibu na kifaa, na akifika nyumbani akafungua ukurasa wa wavuti wenye orodha ya alivyovitembelea na picha alizopigwa hapo. Makavazi ya usanifu ya Cooper Hewitt mjini New York yaliendeleza wazo hilo mwaka wa 2015 kwa kumkabidhi kila mgeni kalamu ya kielektroniki. Ulipoigusisha kwenye kibao cha maelezo, chombo hicho kiliingia katika mkusanyiko wako, nawe ukiwa nyumbani uliufungua kwa msimbo uliokuwa kwenye tiketi yako.

Ndipo ninapolirudia neno la Watanzania. Wataalamu wa San Francisco walizunguka kwa majaribio mpaka wakafika kwenye kukumbusha. Mswahili alikuwa ameshalitia jambo hilo ndani ya jina la nyumba: makumbusho, mahali pa kukumbusha. Sisemi hivi ili tujigambe. Nasema kwa sababu tunalo jina linalotuambia kazi, halafu kazi yenyewe hatuifanyi. Miongozo yetu mingi huarifu, haikumbushi. Na nilijifunza tofauti hiyo kwa aibu.

Mwanafunzi yule alitaka kusikiza maoni ya watu kabla ya kuufikisha mfumo wake makavazini. Nilimpeleka kwa jirani yangu, mama mtu mzima, mzaliwa wa Mombasa. Kijana akaamkia, "Shikamoo, Bi." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu, karibu." Akaibandika lebo kwenye mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa jikoni, akampa yule mama simu aigusishe mwenyewe. Sauti ikatoka, ikisoma tafsiri yangu: "Hiki ni kifaa cha kukunia nazi. Kilitumiwa na wanawake wa Kiswahili katika shughuli za mapishi."

Mama akaitazama mbuzi yake, akanitazama mimi. "Kilitumiwa?" akauliza. "Kwani sisi tushakufa?"

Kijana alicheka. Mimi sikucheka. Nazi ya siku hiyo ilikuwa bado kwenye sinia.

Hebu tuyachambue maneno yale mafupi, kwa maana makosa yake ni zaidi ya moja, na yote ni yangu.

Kosa la kwanza ni la njeo. Kadi ya Kiingereza ilitumia wakati uliopita, ambao ni desturi ya vibao vya makavazi: kila kilichowekwa kwenye kabati la kioo huchukuliwa kuwa kimepitwa na wakati. Nami nikabandika kiambishi '-li-' bila kufikiri. Kiswahili kina 'hu-' ya mazoea, yenye uwezo wa kusema kwamba jambo lilikuwepo na lingalipo. 'Hutumika' na 'kilitumiwa' si suala la sarufi peke yake. La pili linawatangaza wenye chombo kuwa watu wa zamani, wao wakiwa wamesimama pale wanasikiliza.

Kosa la pili ni la jina. Nilisema 'kifaa cha kukunia nazi' kwa sababu Kiingereza hakina neno moja la chombo hiki, hueleza. Kiswahili hakina haja ya kueleza, kinataja: mbuzi. Nilichukua maelezo ya mtu asiye na neno, nikamrudishia mwenye neno. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba kijiko ni kifaa cha kulia wali. Zaidi ya hilo, nililiacha nje lile ambalo lingemfurahisha mgeni yeyote, kwamba chombo kisicho hai kimepewa jina la mnyama, kina miguu, na mtu hukikalia.

Kosa la tatu ni la msemewa. Kadi ilitungwa kwa ajili ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege. Inamjibu swali lake: hiki ni nini? Lakini mama wa Mombasa haulizi hilo. Yeye atauliza mbuzi hii ni ya mti gani, ilichongwa wapi, ilikuwa ya nani, na mbona chuma chake kimekaa hivi na si vile? Tafsiri, hata ikiwa sahihi kwa kila neno, hubeba maswali ya lugha ilikotoka. Hapo ndipo penye tatizo la miongozo hii yote. Mfumo hukupa kitufe cha kuchagua lugha, ukadhani umechagua lugha. Umechagua sauti tu. Anayesemeshwa bado ni yule yule wa ndege.

Msomaji anaweza kunipinga, na atakuwa na haki. Si kila Mkenya anayesoma Kiswahili ametoka Pwani. Mtoto wa Kericho au Kisii anayekuja na basi la shule huenda hajawahi kuona mbuzi ya nazi. Ukimwambia 'hii ni mbuzi', atatafuta pembe. Naam, naye ana haki ya kuelezwa. Hapa ndipo ninapoisifu teknolojia kwa dhati, kwa sababu inaweza kufanya jambo ambalo kibao cha ukutani hakiwezi. Kibao kina nafasi ya maneno machache, kwa hiyo lazima kichague wa kumwambia. Lebo ya redio, kwa kuwa ni ufunguo, inaweza kufungua vyumba kadhaa. Makavazi ya MONA mjini Hobart, Australia, yaliyofunguliwa mwaka wa 2011, yaliondoa vibao ukutani kabisa, yakampa mgeni kifaa kinachotambua kazi zilizo karibu naye na kumpa maandishi ya namna mbalimbali juu ya kazi moja, mengine ya kitaalamu, mengine ya mzaha. Sisi nasi tungeweza kuwa na masimulizi ya mtoto wa shule, ya mwenyeji na ya mtafiti, yote nyuma ya lebo moja, na yote kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo nguvu ya kifaa hiki. Kukitumia kusoma kwa sauti kibao kile kile cha Kiingereza kilichotafsiriwa ni kununua lori la kubebea kiberiti.

Vipo vyombo ambavyo tafsiri ya haraka haiviaibishi tu, inavipotosha. Chukua kigango cha Wamijikenda. Kwa Wagiriama, kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa kwa heshima ya mzee marehemu wa chama cha Gohu. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na baadhi vimerejeshwa nchini. Kiingereza husema 'nguzo ya ukumbusho' na kupita. Mtafsiri atasema 'kigango' na kudhani amemaliza. Lakini kwa Mkatoliki wa bara, kigango ni kanisa dogo lililo chini ya parokia! Neno moja, Kiswahili kile kile, mambo mawili tofauti kabisa. Anayetunga kwa Kiswahili huliona shimo hilo na kulizunguka. Anayetafsiri kutoka Kiingereza hatalijua, kwa kuwa Kiingereza hakina shimo hapo.

Tena kigango kinazua swali ambalo mhandisi hakujiuliza mpaka nilipomtajia: utaibandika wapi lebo? Jikoni kwa jirani yangu aliibandika kwenye mbuzi, akaibandua, mambo yakaisha. Kwenye kitu cha wahenga huwezi kupaka gundi. Lebo na ikae kwenye kishikio pembeni, na kabla ya hapo waulizwe wazee kama sauti yenyewe inafaa kusikika mahali hapo. Pengine ukimya ndio maelezo bora. Mwongozo mwema hujua pa kunyamaza.

Chukua pia siwa za Lamu, ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu yenyewe. Siwa ni baragumu kubwa, na ilipigwa katika shughuli za wakubwa, harusi zikiwemo. Ukiiandika 'baragumu la sherehe' umesema kweli, na umeisahau heshima iliyokuwa ndani ya neno siwa, ambayo ilionyesha nani ni nani mjini. Hapa mwongozo wa kielektroniki ungeweza kutoa kitu ambacho karatasi haiwezi, yaani sauti ya mzee wa Lamu, kwa Kiamu chake, akisimulia aliyoyasikia kwa wakubwa wake. Wapo watakaosema hicho si Kiswahili sanifu. Sawa, tuweke pia simulizi ya sanifu. Ila tusimwondoe mwenye siwa katika hadithi ya siwa.

Nikifikia sauti, niseme jambo la kiufundi ambalo walimu wa lugha hulipuuza. Mwongozo wa aina hii husikizwa, hausomwi. Sentensi zangu zilikuwa ndefu, zenye virejeshi vitatu vitatu, na msomaji wa rekodi aliishiwa na pumzi katikati. Miaka niliiandika kwa tarakimu, na kila aliyejaribu kusoma aliitamka kwa njia yake, huyu kwa Kiswahili, yule kwa Kiingereza. Ukitunga kwa ajili ya sikio, andika kama unavyosimulia: sentensi fupi, kitenzi mapema, na jina la chombo lirudiwe, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudi nyuma kulitafuta. Fasihi simulizi imetufundisha hayo tangu zamani, nasi tukiingia kwenye kompyuta tunayasahau.

Gharama nazo tuziseme bila kuficha. Simu nyingi za bei nafuu haziwezi kusoma lebo hizi, na kuta nene za mawe za majengo ya kale hazipitishi mawimbi ya intaneti vizuri. Kwa hiyo makavazi yawe na visomaji vyake vya kuazima, na rekodi zikae humo humo. Upo msimbo wa QR, ule mraba wa vidoadoa, ambao ni rahisi zaidi kwa kuwa hutaka kamera na karatasi tu. Siukatai. Lakini asiyeona hawezi kuulenga kwa kamera, ilhali lebo ya redio yenye alama ya kupapasa ataigusa na kusikia. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na imelitaka taifa liendeleze lugha za kiasili pamoja na Lugha Ishara ya Kenya na Breli. Mwongozo unaoanza kwa Kiingereza na kumalizia kwa 'Kiswahili tu' haujaisoma ibara hiyo.

Je, mradi wa kijana uliishia wapi? Nilimwomba radhi, nikamwomba na kadi zangu. Kutoka vyombo 40 tulibaki na 12. Alinuna kidogo, maana mfumo wake una nafasi ya mamia. Lakini kwa kila chombo tulikwenda kwanza kwa mtu anayekitumia au aliyelelewa nacho, tukamsikiliza, kisha tukaandika. Kiingereza kiliandikwa mwisho, kwa kutafsiriwa kutoka Kiswahili, na hapo yeye ndiye aliyetoa jasho. "Mwalimu, hili halitafsiriki!" alilalamika siku moja. Nikamwambia karibu, sasa tuko pamoja.

Maelezo ya mbuzi sasa yanasikika hivi: "Hii ni mbuzi. Haili majani, inakula nazi. Kaa juu ya kibao chake, shika kifuu kwa mikono miwili, usukume mbele taratibu. Meno yake ni makali. Asubuhi hii, katika nyumba nyingi za Mombasa, kuna mtu aliyeikalia kama hivi. Ikiwa kwenu ipo, mwulize aliye nayo aliipata kwa nani."

Tulimrudia yule mama, akagusisha simu, akasikiliza mpaka mwisho. Hakusifu. Alisema mbuzi yake aliachiwa na mama yake mzazi, ambaye naye aliletewa kutoka Siyu siku ya harusi yake, kisha akaanza kutusimulia harusi hiyo. Kijana alikuwa amesahau kuwasha kinasa sauti. Aliwasha harakaharaka, na mama akarudia tangu mwanzo.